Plasta Kwenye Chupa ya Tano

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Amisa alikuwa na kazi tatu katika saluni ya mama yake. Alifagia nywele za jana. Aliwasha makaa kwenye jiko na kuteleka birika. Kisha alichukua kopo la kupulizia nywele, lile la rangi ya dhahabu lililopendwa na wanawake wa mtaa wao pale Kasongo, akapuliza ndani ya vichupa vinne vya glasi mpaka vikafika nusu, akavipanga wazi juu ya ukuta mfupi wa baraza.

Mafuta yale yalipotoka koponi yalikuwa na harufu kali iliyowasha macho. Wasusi wa Kasongo walisema ni lazima kwanza yatoe hasira. Kwa hiyo kila kilichomiminwa kutoka kwenye kopo kiliachwa wazi kidogo, hewa ikipita, mpaka ukali ulipopungua. Baadaye mama yake, Mama Hawa, alichovya brashi ndogo ndani yake na kulaza vinyweleo vya kwenye paji la uso. Sehemu nyingine za kichwa alizipulizia moja kwa moja, kopo mkononi.

Vichupa vilikuwa vya dawa. Muganga wa kituo cha afya alimpa Mama Hawa vilipokwisha kazi, naye alivichemsha na kuvitumia. Amisa, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliweza kuvifungua vyote bila kutazama.

Asubuhi ya Jumanne moja, mwezi wa kumi, alikuwa kwenye kichupa cha tatu aliposikia kitana kikianguka ndani. Aliingia. Mama yake alikuwa amechutama, vidole vyake vikitafuta sakafuni.

"Mama, iko hapa, karibu na mguu yako."

"Naiona," alisema Mama Hawa. Vidole vyake vilifunga juu ya kitana. Akainua mkono, akautazama, kisha akamtazama mtoto. "Nimeishika?"

Mkono ulikuwa mtupu. Kitana kilikuwa bado sakafuni.

Siku hiyo Amisa hakwenda shule. Walifunga saluni na kutembea polepole hadi kituo cha afya, Mama Hawa akiburuta kandambili ya mguu wa kushoto kama mtu anayetembea kwenye matope.

Muganga Zéphirin alikuwa mtu mrefu aliyezungumza kwa sauti ya chini hata na watu viziwi. Alimpima malaria, hakukuta kitu. Alimpima sukari, hakukuta kitu. Akamwomba afumbe macho, akagusa ncha za vidole vyake kwa kijiti, kimoja baada ya kingine.

"Nimegusa wapi?"

"Bado hujagusa," alisema Mama Hawa.

Zéphirin alikuwa amekwisha kugusa vidole vinane. Aliweka kijiti mezani. "Tangu lini iko hivi?"

"Tangu mfungo. Kichwa pia kinauma, lakini hicho nimekizoea. Jioni kinatulia."

"Na mlango wa saluni, unaufunga siku nzima?"

"Muganga, wateja yangu wanavua mitandio. Nitawaweka vichwa wazi mbele ya watu wa njiani?"

Alikuwa na haki. Wateja wake wengi walikuwa wanawake wa Kiislamu kama yeye. Walipoingia, mlango ulifungwa, dirisha likafungwa, pazia likashushwa. Ukungu wa spre ulibaki ndani pamoja nao mpaka jioni.

Zéphirin aliinama kidogo, akanusa ncha ya mtandio wa Mama Hawa. "Unanukia kama fundi wa rangi," alisema. Amisa alitoa kopo la dhahabu kwenye mfuko. Zéphirin alisoma maandishi yake madogo, akaligeuza, akayasoma tena. Yalitaja mafuta na manukato. Hayakutaja kitu kingine.

"Ninadhani ni hili kopo," alisema. "Lakini kudhani si kujua. Nikikuambia uache kazi, na kumbe kopo halina kosa, nitakuwa nimekunyang'anya kazi yako bure. Nikikuambia uendelee..." Alifungua droo ya meza, akaifunga tena. "Hapa nina kipimo cha malaria, cha sukari na cha mkojo. Cha kupima kopo sina."

Kitu pekee alichoweza kufanya ni kumpigia simu mdogo wake, Sidonie, aliyefanya kazi katika maabara moja mjini Bukavu. Aliweka simu mezani ili wote wasikie. Sidonie alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaeleza. Ili mafuta yapulizike, alisema, watengenezaji huyachanganya na kiyeyushi, kimiminika chepesi kinachokauka upesi. Viko viyeyushi visivyo na madhara makubwa. Kiko pia kimoja kiitwacho heksani. Mtu akikivuta kila siku ndani ya chumba kilichofungwa, kinaua mishipa ya fahamu polepole, kuanzia vidoleni.

"Yaya Sidonie," alisema Amisa kwa woga, akimwita kama dada mkubwa, "utakionaje, kama kimechanganyika?"

Sidonie alitafuta mfano. "Fikiria watoto wa shule yenu wote wanatoka kwenye lango moja kwa wakati mmoja, waende Nyangwe kwa mguu. Njia ni moja. Wako wanaokimbia, na wako wanaosimama kwenye kila mti wa mapera. Mimi nikikaa Nyangwe na saa mkononi, nitawajua kwa muda waliofika. Mashine yetu iko hivyo. Ndani yake kuna bomba jembamba sana, refu, limejikunja kama nyoka kwenye tanuri. Tunaingiza tone dogo, gesi inalisukuma, na kila kitu kilicho kwenye tone kinafika mwisho kwa wakati wake. Kikifika, mashine inachora kilima. Wakifika wengi, kilima kinakuwa kikubwa. Inaitwa kromatografu ya gesi."

"Basi tutakutumia kopo," alisema Zéphirin.

"Kopo hapana. Ndege haibebi, na kwenye pikipiki siku nne juani linaweza kupasuka. Puliza ndani ya chupa iliyokaa kwenye barafu, gesi itoke, kisha ufunge kabisa. Bandika plasta pale mafuta yalipofikia, nijue kama yamepungua njiani. Na chupa isifunguliwe tena. Heksani inaruka kabla hujageuza shingo."

Siku iliyofuata, Yvette, aliyeuza vinywaji baridi karibu na soko, aliwapa barafu. Mama Hawa alishika ndoo kwa mikono miwili, Zéphirin akapuliza ndani ya kichupa kama vile vinne vya saluni. Povu lilipanda, likashuka. Mafuta yalibaki mpaka karibu na shingo ya kichupa. Zéphirin alifunga kifuniko, akabandika kipande cha plasta nyeupe ubavuni, sawasawa na uso wa mafuta. Friji ya kituo ilikuwa ya chanjo tu, haikuruhusiwa kuwekwa kitu kingine. Basi Mama Hawa alikwenda na kichupa nyumbani ndani ya ndoo ya barafu. Pitchou, mwendesha pikipiki, angekipitia asubuhi akielekea Wamaza na Kabambare, na huko angemkabidhi mwenzake wa kuendelea na safari.

Asubuhi ya Alhamisi barafu ilikuwa imekuwa maji. Mama Hawa alitoa kichupa, akakifuta, akakiweka juu ya ukuta wa baraza ili kisisahaulike. Kisha akaingia ndani kusali.

Amisa alifagia. Aliwasha makaa. Alijaza vichupa vinne, akavipanga ukutani. Mikono yake ilifanya ilichofanya kila siku, na macho yake yalikuwa njiani, kwa sababu Sonia alikuwa anakuja.

Sonia alisoma naye darasa la sita. Alikuwa na domo na daftari safi.

"We mutoto wa saluni," alisema Sonia, "nywele za mtaa mzima zimesukwa, za kwako zimesimama kama ufagio."

"Na wewe mutoto wa mwalimu, jana ulipata ngapi kwenye hesabu?"

"Usiulize mambo ya wakubwa. Lete daftari yako nione ya tatu."

Walikaa kwenye ngazi. Hesabu ya tatu ilikuwa ya mapipa mawili ya maji na tundu, na walibishana juu yake mpaka Sonia akakubali kuwa amekosea, jambo ambalo lilichukua muda. Jua lilipanda juu ya paa la jirani, likafika ukutani. Sonia alipoondoka, Amisa alisimama kuviingiza vichupa ndani.

Vilikuwa vitano. Vyote vitano vilikuwa wazi.

Alikitazama cha mwisho kwa muda kabla ya kuelewa. Plasta ilikuwa pale pale ilipobandikwa. Mafuta yalikuwa yameshuka chini yake, upana wa kidole kizima. Alitafuta kifuniko, akakikuta kimelala pamoja na vile vingine vinne, kimepangwa vizuri. Hakukumbuka kukifungua.

Alikifunga kwa nguvu, kana kwamba kilichoondoka kingeweza kusikia na kurudi. Alitaka kumwita mama yake. Alifungua mdomo, na wakati huo huo akasikia pikipiki ya Pitchou ikipinda kona.

Kama angepewa dakika kumi, labda angesema. Hakuwa nazo. Alibandua plasta kwa ukucha, akaishusha upana wa kidole, akaibandika tena na kuikandamiza.

"Iko wapi huyo mgonjwa wa kusafiri?" aliuliza Pitchou bila kushuka kwenye pikipiki.

"Si mgonjwa. Ni chupa."

"Nimebeba mbuzi, nimebeba bibi harusi, nimebeba bati za kanisa. Chupa ya kwenda hospitali peke yake sijabeba."

Mama Hawa alitoka ndani. Alichukua kichupa kutoka kwa Amisa kwa viganja viwili, akakigeuza, akakitazama. Kisha akakifunga ndani ya kitambaa pamoja na barua ya Muganga Zéphirin, akampa Pitchou.

"Uende salama," alisema.

Amisa alisimama barazani mpaka mlio wa pikipiki ulipopotea. Bado alikuwa na muda wa kukimbia hadi kwa Muganga. Alijiambia atakwenda baada ya shule. Baada ya shule alijiambia atakwenda kesho.

Mvua ilikata njia mbele ya Wamaza, na chupa ilichukua siku nyingi. Simu ya Sidonie ilikuja wiki tatu baadaye. Zéphirin alikuja nayo mwenyewe mpaka saluni, jioni, wateja wakiwa wameondoka.

"Kabla sijasema kitu," alisema Sidonie, "nani alitunza chupa nyumbani?"

"Mimi, Yaya," alisema Amisa.

"Ilikaa imefungwa?"

"Ndiyo."

"Tangu mwanzo mpaka mwisho? Nauliza kwa sababu ni mafuta mazito sana kwa kitu cha kupuliza. Nimeshangaa."

Zéphirin alikuwa akimtazama. Mama Hawa alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

"Ndiyo," alisema Amisa. "Ilikaa imefungwa."

Sidonie alifunua karatasi. "Basi kilima cha heksani ni kidogo. Sehemu mbili kwa mia. Mimi napima kilichonifikia, siwezi kupima kingine. Kwa kilichonifikia, siwezi kusema ni kopo linalomuumiza."

Mama Hawa alishusha pumzi. "Mashine imesema," alisema. Alisema hivyo kwa Zéphirin, akasema hivyo kwa Yvette aliyekuja kuuliza, na kesho yake akasema hivyo kwa kila mteja aliyeingia. Mashine imesema. Zéphirin alimpa vidonge vya vitamini. Alisimama mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kama mtu aliyesahau kitu, halafu akaenda.

Mlango ukafungwa, dirisha likafungwa, pazia likashushwa.

Siku zilizofuata Amisa alijaribu kila kitu isipokuwa kile kimoja. Alifungua dirisha kidogo. Mteja mmoja akaruka na kujifunika kichwa, Mama Hawa akalifunga. Alificha kopo la dhahabu nyuma ya gunia la makaa. Mama yake alikwenda sokoni akarudi na jingine. Mara tatu alianza kusema. Mara ya kwanza mteja alibisha hodi. Mara ya pili baba yake, Ayoubu, ambaye alikaa Nyangwe kwa kazi ya samaki, alikuwa amerudi na wote walikuwa wanafurahi. Mara ya tatu hakuna aliyemkatiza. Maneno yenyewe hayakutoka.

Mama yake alianza kufunga kandambili kwa kamba ili zisimtoke. Hakuweza tena kumaliza nywele ndogo za karibu na sikio, kwa hiyo alimsubiri Amisa atoke shule azimalizie.

"Saluni yenu sasa inafungwa saa ngapi?" aliuliza Sonia. "Maana mtu anaingia na jua, anatoka na kichwa nusu."

Amisa aliinamisha kichwa. Sonia alimwangalia, akaacha kucheka. "Nimesema vibaya?"

"Hapana," alisema Amisa. Alitamani sana Sonia aulize mara ya pili. Hakuuliza.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, Jumamosi moja, chumba kilikuwa na wanawake watatu na harusi ilikuwa jioni. Mama Hawa alisimama karibu na jiko, bila viatu, akipulizia nywele za bibi harusi. Amisa alikuwa akisuka pembeni, kichwa kikimuuma. Alisikia harufu juu ya harufu ya spre, harufu ya kitu kinachoungua, akatazama jikoni, halafu chini.

Kaa lilikuwa limeruka kutoka jikoni. Mama yake alikuwa amelikanyaga. Moshi mwembamba ulipanda kando ya kisigino chake, naye aliendelea kupulizia, akizungumza na bibi harusi juu ya mashuka.

Amisa alimsukuma kwa nguvu zote. Kopo lilianguka mbali na jiko, likaviringika mlangoni. Mama Hawa alikaa chini, akageuza unyayo wake, akautazama kama unyayo wa mtu mwingine.

"Hauumi," alisema. "Kwa nini hauumi?"

Pitchou aliwapeleka kituoni, Mama Hawa katikati, Amisa nyuma akimshikilia. Zéphirin alisafisha kidonda. Hakuhitaji dawa ya ganzi. Alipotoka kunawa mikono bombani, Amisa alimfuata, akasimama nyuma yake.

"Muganga."

"Ndiyo, mutoto."

"Chupa ilikuwa wazi."

Zéphirin hakugeuka. Maji yaliendelea kutoka.

"Niliifungua mimi. Sikukusudia, mikono ilizoea. Ilikaa juani mpaka mafuta yakashuka. Nikahamisha plasta." Alipoanza, yote yalitoka kwa pamoja, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba bomba lilimshinda. "Yaya Sidonie aliuliza mara mbili, nikasema uongo mara mbili."

Zéphirin alifunga bomba. Alikausha mikono kwa muda mrefu, kidole kwa kidole. Amisa alisubiri kofi, au kelele. Hakuna kilichokuja, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Nimelala vibaya wiki zote hizi," alisema Zéphirin. "Nilifikiri macho yangu ndiyo yaliyoona vibaya." Akatoa simu. "Mwambie Sidonie mwenyewe. Baadaye mama yako."

Sidonie hakumkemea pia. Alimwuliza maswali kama mtu anayeandika: kichupa kilikaa wazi muda gani, juani au kivulini, mafuta yalishuka kiasi gani. "Heksani ndiyo iliyotangulia kuruka," alisema. "Mafuta yakabaki. Nilipima mabaki. Ile karatasi naifuta leo. Nitumieni nyingine, chupa mbili safari hii, na Zéphirin azitunze mwenyewe." Kisha akasema, taratibu zaidi, "Amisa, mtu akiniambia chupa ilifunguka, napoteza siku chache. Asiponiambia, nampa mgonjwa jibu lisilo lake, nami sijui."

Mama Hawa alisikiliza maungamo ya mwanawe akiwa kitandani, mguu umefungwa bandeji. Amisa alilia katikati, akarudia, akamaliza.

"Nimesikia," alisema mama yake, akageuza uso ukutani.

Hakusema kitu kingine siku hiyo, wala kesho yake.

Chupa mbili mpya ziliondoka na Pitchou. Zamu hii njia ilikuwa kavu, na baada ya siku kumi na mbili picha ilifika kwenye simu ya Zéphirin. Ilionyesha mstari ulionyooka chini, vilima vidogo hapa na pale, na katikati kilima kimoja kilichopanda mpaka karibu na ukingo wa juu wa ukurasa. Chupa ya pili ilichora kilima hicho hicho. Heksani, aliandika Sidonie, sehemu arobaini na moja kwa mia. Kopo hilo lisitumike ndani ya nyumba, hata siku moja.

Zéphirin aliichapisha picha ile, akaizungusha katika saluni zote za mji, akieleza kwa sauti yake ya chini. Wako waliomsikiliza, na wako waliosema spre haijaua mtu. Kwa Mama Hawa aliketi na kusema ukweli wote. Mishipa iliyoumia hupona polepole sana. Wiki za kwanza baada ya kuacha, ganzi inaweza hata kuongezeka. Baada ya miezi mingi, mikono inaweza kurudi. Labda yote, labda sehemu tu.

"Ungeacha ule mwezi wa kumi..." alianza, halafu akamwona Amisa.

Ayoubu alirudi kutoka Nyangwe. Alikata matete, akajenga ua mrefu nyuma ya nyumba, wenye mlango unaopinda ili mpita njia asione ndani. Wanawake wakaja kusukwa humo, vichwa wazi chini ya anga, hewa ikipita, kwa mafuta ya kawaida ya kupaka kwa mkono. Shangazi yake Amisa, Asma, alisuka. Mama Hawa alikaa kwenye mkeka akieleza mistari ipite wapi. Hakuna mteja aliyelalamika juu ya ua. Wengine walisema vichwa vyao vimeacha kuuma.

Lakini Mama Hawa alisema na mwanawe maneno ya lazima tu: leta maji, funga mlango, kula. Kila siku Amisa alimwomba msamaha, na kila siku mama yake alisema, "Nimesikia."

Ilikuwa alasiri ya mwezi wa pili. Wateja walikuwa wameondoka. Wawili hao walikaa uani wakichambua maharagwe kwenye ungo. Mama Hawa alichukua punje kwa vidole vitatu, ikamponyoka, akaichukua tena. Amisa aliokota zile zilizoanguka.

"Mama, nisamehe," alisema.

"Acha kuniomba." Mama Hawa aliweka ungo chini. "Amisa, siku ile Pitchou alipokuja, niliigeuza chupa."

"Ndiyo, Mama."

"Plasta ikibanduliwa, inaacha gundi. Niliona alama yake kwenye glasi. Kidole kizima, juu ya pale plasta ilipokuwa."

Amisa aliacha kuokota.

"Nilielewa palepale. Mimi ndiye niliyekufundisha kufungua vichupa. Nikaifunga kwenye kitambaa, nikampa."

"Kwa nini, Mama?"

Mama Hawa alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili.

"Nilitaka jibu la kuniacha na kazi yangu. Lilipokuja, nikamwambia kila mutu mashine imesema. Mashine haikusema kitu. Mimi na wewe ndio tuliosema. Ukipeleka kitu kipimwe, mwanangu, peleka pamoja nacho kila kilichokipata, hata kile cha aibu, au kiache nyumbani. Wewe ulikuwa mutoto, ukaogopa ukasema uongo. Mimi ni mutu muzima. Nikaona uongo wako, nikauchukua, nikakuacha ulie peke yako miezi mitatu kama kosa ni la kwako tu. Kila uliponiomba msamaha, haya ndiyo niliyotaka kusema, nikasema nimesikia. Niliogopa, Amisa. Niliogopa kuachana na kazi yangu, na niko naogopa hata sasa. Nisamehe wewe."